Sensa iulize jinsi vizuri, na mwelekeo wa kimapenzi iuache

Septemba 2024 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Uingereza, ONS, iliomba yenyewe kwamba takwimu zake za utambulisho wa kijinsia, zilizotokana na sensa ya Machi 2021 ya England na Wales, ziondolewe kwenye daraja la takwimu zilizoidhinishwa na ziwekewe alama kwamba bado zinafanyiwa kazi. Habari hiyo imesomwa kwa namna mbili, na zote mbili zimekosea. Wapo wanaosema sasa imethibitika kwamba sensa haipaswi kugusa mambo haya hata kidogo. Wapo wanaosema hayo ni matokeo ya shinikizo la kisiasa, na kwamba dawa ni kuuliza zaidi na kila mahali, Afrika Mashariki ikiwamo. Kilichoharibika hasa ni sentensi moja ngumu iliyoulizwa watu milioni 48, baadhi yao wakiwa hawakuielewa. Funzo lake kwetu ni la kiufundi kabla ya kuwa la kisiasa. Sensa ya huku kwetu, ambapo karani hukaa uani akimhoji mkuu wa kaya kwa sauti, inaweza kubeba swali la jinsi na swali la huntha, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo wazi kuwa ya kiume au ya kike, na inapaswa kuyabeba vizuri kuliko Kenya ilivyofanya 2019. Swali la mwelekeo wa kimapenzi haiwezi kulibeba. Ikilibeba itawaweka watu hatarini na kuvuna namba za uongo.

Tuanze kwa kutenganisha mambo matatu ambayo mijadala mingi huyafungia kapu moja. Jinsi ni habari ya mwili: mtu kazaliwa wa kiume, wa kike, au huntha, yaani na maumbile, homoni au kromosomu zisizoangukia moja kwa moja upande wowote. Utambulisho wa kijinsia ni jinsi mtu anavyojitambua mwenyewe. Mwelekeo wa kimapenzi ni habari ya nani anampenda nani. La kwanza mama mzazi anaweza kumjibia mwanawe. La pili na la tatu hakuna awezaye kumjibia mwingine, na kwa sehemu kubwa ya watu hakuna mwingine anayejua jibu. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba hayawezi kuulizwa kwa chombo kimoja.

England na Wales waliuliza yote kwenye dodoso lililojazwa zaidi kwa mtandao, na yale mawili ya mwisho yakawa ya hiari, kwa wenye umri wa miaka 16 na kuendelea. Swali la mwelekeo wa kimapenzi lilikwenda vizuri. Asilimia 92.5 ya watu walilijibu, na watu wapatao milioni 1.5, sawa na asilimia 3.2, walisema ni wapenzi wa jinsia moja, wa jinsia zote mbili au wana mwelekeo mwingine. Brighton, mji unaofahamika kwa jamii hiyo, uliongoza kwa asilimia 10.7, na hapo namba na maisha ya mtaani vinakubaliana. Swali la utambulisho wa kijinsia likatoa ramani ya ajabu. Lilikuwa hivi: je, jinsia unayojitambulisha nayo ni ile ile ya jinsi uliyoandikishwa ulipozaliwa? Waliojibu hapana walikuwa 262,000, asilimia 0.5, na eneo lililoongoza likawa Newham, mashariki mwa London, kwa asilimia 1.5, likifuatiwa na Brent. Haya ni maeneo yenye wahamiaji wengi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Michael Biggs, mwanasosholojia wa Oxford, alionyesha kwamba kadiri mtu alivyokijua Kiingereza kidogo, ndivyo alivyoelekea zaidi kuhesabiwa kuwa amebadili jinsia. Mhamiaji aliyesoma sentensi yenye vishazi viwili na maneno mawili yanayokaribiana maana, akabonyeza hapana, aliingizwa kwenye kundi ambalo hata halijui. Scotland mwaka uliofuata waliuliza kwa mkato zaidi, kama mtu anajiona kuwa amebadili jinsia au ana historia hiyo, wakapata watu 19,990, asilimia 0.44 ya wenye miaka 16 na zaidi.

Kuna hesabu nyuma ya kosa hilo ambayo kila anayeandika maswali ya sensa anapaswa kuwa nayo mezani. Chukua kundi ambalo kweli ni asilimia 0.5 ya watu. Sasa katika asilimia 99.5 waliobaki, watu watano tu kwa kila elfu waelewe swali vibaya. Utapata idadi ya waongo bila kukusudia inayolingana na idadi ya wakweli, na nusu ya jedwali lako itakuwa si watu unaowatafuta. Kundi likiwa dogo zaidi, hali inakuwa mbaya zaidi. Kenya ya 2019 ilikuwa na watu 47,564,296. Karani akibonyeza kitufe kisicho sahihi kwa mtu mmoja tu katika kila 10,000, hao ni zaidi ya 4,700. Huntha waliohesabiwa nchi nzima walikuwa 1,524. Kwa kundi dogo namna hiyo, kosa dogo la kidole lina uzito kuliko ukweli wenyewe, na ndiyo maana maneno ya swali, mpangilio wa vitufe na mafunzo ya karani havipaswi kuachwa dakika za mwisho.

Namba hiyo ya 1,524 inastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu Kenya ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuwahesabu huntha katika sensa, na heshima hiyo haikuja kwa bahati. Mwaka 2009 mtoto alizaliwa Nairobi, na kwenye fomu ya hospitali, sehemu ya jinsi, ikaandikwa alama ya kuuliza. Kesi yake, inayojulikana kama ya Mtoto A, iliamuliwa na Jaji Isaac Lenaola mwaka 2014, na uamuzi huo ndio uliofungua mlango. Mwanasheria Mkuu aliunda jopo kazi 2017, na usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 makarani wakaingia mitaani wakiwa na vishkwambi vyenye namba tatu kwenye sehemu ya jinsi: 1 mwanamume, 2 mwanamke, 3 huntha. Wanaume walipatikana 23,548,056, wanawake 24,014,716, na huntha ndio hao 1,524. Hao ni mtu mmoja katika kila watu 31,000 hivi. Makadirio ya kitabibu hutofautiana sana kulingana na nani anaingizwa. Kadirio finyu linalotajwa mara nyingi ni asilimia 0.018, ambalo kwa Kenya ya 2019 lingetoa watu wapatao 8,500. Lile pana ni asilimia 1.7, ambalo lingetoa zaidi ya 800,000. Hata ukishika lile finyu kabisa, sensa iliona mtu mmoja katika kila watano au sita. Anayetumia 1,524 kama idadi ya huntha wa Kenya kwenye bajeti ya afya au ya elimu anawafuta wengi waliokuwapo usiku ule.

Kwa nini waliobaki hawakuonekana? Tazama kazi inavyofanyika. Karani anafika akiongozwa na mzee wa kijiji, maana bila yeye hajui mipaka ya eneo lake la kuhesabia wala hakaribishwi. Viti vinatolewa chini ya mwembe au kwenye baraza. Mkuu wa kaya anaanza kutaja majina ya waliolala hapo usiku wa sensa, mmoja baada ya mwingine, na watoto wamezunguka kutazama kishkwambi. Jirani amesimama kwenye ua akisubiri zamu yake. Kwa kila jina karani anatakiwa kuuliza jinsi. Kivitendo, akisikia Fatuma anabonyeza 2, akisikia Otieno anabonyeza 1, na anasonga mbele, kwa sababu kaya bado ni nyingi na kumuuliza baba mtu mzima kama mwanawe ni mwanamume humletea aibu. Kitufe cha tatu kipo kwenye kioo, ila swali halijawahi kutamkwa. Hata likitamkwa, baba anayejua ukweli wa mtoto wake atausema mbele ya mzee wa kijiji? Na huntha aliyelelewa kama msichana, anayejijua kuwa msichana, hana sababu ya kujitoa kwenye namba 2 kwenda namba 3. Swali linamlazimisha achague kati ya jinsia anayoishi nayo na mwili aliozaliwa nao, hali yote mawili ni kweli.

Kisanduku cha tatu kimeleta shida nchi nyingine pia. Australia 2021 waliongeza chaguo la tatu kwenye swali la jinsi, wakapata watu 43,220, na wakala wao wa takwimu wakasema wazi kwamba namba hiyo haifai kutumika kuhesabu kundi lolote: kila mtu alikielewa kisanduku kwa namna yake. India 2011 waliweka kisanduku cha "wengine", wakapata watu 487,803, na kati yao 54,854 walikuwa watoto wa miaka 0 hadi 6, waliojibiwa na wazazi. Pakistan 2017, kwa watu wapatao milioni 207, matokeo ya awali yalionyesha 10,418 tu waliobadili jinsia. Wingi wa India na uchache wa Pakistan unatokana kwa sehemu kubwa na chombo kilichotumika kupimia.

Tuje kwenye hoja zenyewe. Hoja yenye nguvu zaidi kwa upande wa kuuliza ni kwamba asiyehesabiwa hapangiwi. Kwa huntha hoja hii ni ya kweli kabisa, tena ina sababu ya kitakwimu: kundi ni dogo mno kwa tafiti za sampuli. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa Kenya wa 2022 ulifikia kaya karibu 38,000. Kwa kadirio finyu la asilimia 0.018, kaya hizo zote zina huntha wasiofika hata 40, nchi nzima. Huwezi kugawa hao kwa kaunti wala kwa umri. Ni sensa pekee, inayofika kila mlango, inayoweza kuwaona. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inamtambua mtoto huntha, na serikali inayotambua haki ya mtoto ina wajibu wa kujua watoto hao wako wapi.

Hoja yenye nguvu kwa upande wa kutouliza ni ya siri na usalama, na nitaipa nafasi yake hapa chini. Ile dhaifu kuliko zote ni ile inayosema kumtaja huntha kwenye dodoso ni kupenyeza mapenzi ya jinsia moja kwa mlango wa nyuma. Hoja hiyo inachanganya mwili na tendo. Huntha anazaliwa. Mafakihi wa Kiislamu walimjadili karne nyingi kabla ya sensa yoyote, kwa sababu mirathi iliwalazimu: mwana wa kiume na wa kike hawarithi sawa, sasa asiyejulikana apewe nini? Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, huntha ambaye hali yake haijabainika hupewa kile kiasi ambacho ni yakini kwake kwa hali zote mbili, na kilichobaki huwekwa hadi mambo yabainike au warithi wapatane. Watu waliokuwa na hofu ya Mungu waliona ni dhuluma kumpuuza mtu kwa kuwa hakuingia kwenye fungu walilolizoea. Anayesema leo kwamba kumhesabu ni kuiga Wazungu hajui urithi wake mwenyewe.

Mwelekeo wa kimapenzi ni habari nyingine. Anza na sheria. Kenya, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumika dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, kinatoa kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019, miezi mitatu tu kabla ya sensa. Tanzania, kifungu cha 154 kinafika kifungo cha maisha. Uganda, sheria ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ilikuwa na kifungu cha 14 kilichomtaka raia kutoa taarifa polisi, hadi Mahakama ya Katiba ilipokifuta Aprili 2024. Sensa ya Uganda ilifanyika mwezi uliofuata, Mei. Fikiria karani aliyeapa kutunza siri za sensa, na wakati huo huo sheria nyingine inamtaka aripoti anachokisikia. Kuna wanaojibu kwamba sheria za takwimu zinafunga siri, na ni kweli, zinafunga. Lakini sheria ya siri ni sheria kama nyingine, na bunge linaweza kuifungua. Marekani walikuwa na kinga hiyo, kisha mwaka 1942 sheria ya vita ikailegeza, na mwaka 1943 ofisi yao ya sensa ikatoa majina na anwani za watu wenye asili ya Japani waliokuwa wakiishi mji wa Washington. Taarifa isiyokusanywa haiwezi kuvuja, na karani asiye na jibu hana cha kulazimishwa kukisema.

Weka sheria kando, bado chombo chenyewe hakifai. England mtu aliyeogopa nyumbani kwake aliweza kuomba dodoso lake binafsi lenye namba yake ya siri, akalijaza peke yake, na jibu lake likashinda lile lililoandikwa na mkuu wa kaya bila mkuu wa kaya kujua. Hivyo ndivyo faragha inavyojengwa. Kwetu mkuu wa kaya anajibu kwa niaba ya watu saba mbele ya watu kumi na wawili. Jibu litakalopatikana ni moja, tena la haraka, na asilimia itakayochapishwa itakuwa karibu na sifuri. Kisha itatumika bungeni kuthibitisha kwamba watu hao hawapo na huduma zao za afya hazihitajiki. Wanaharakati wanaodai swali hili liingizwe sensani wakidhani litawasaidia wanapaswa kuipima hatari hiyo kwa uzito.

Tena hakuna haja. Kundi la asilimia 2 au 3 halihitaji sensa. Sampuli nzuri ya watu wazima 20,000 hupima asilimia 3 kwa usahihi wa kama robo ya asilimia juu au chini, ilimradi watu waseme kweli, na njia za kuwasaidia waseme kweli zipo na zimetumika hapa hapa. Kenya, mpango wa taifa wa kudhibiti Ukimwi ulitumia mwaka 2014 njia ya vibanda vya kura kwa makundi yaliyo hatarini zaidi: washiriki wanakaa kila mmoja nyuma ya pazia lake, swali linasomwa kwa wote, kila mtu anatumbukiza kadi kwenye kisanduku cha ndiyo au cha hapana, na kadi zinahesabiwa kwa pamoja. Hakuna jina linalofungamana na kadi. Njia nyingine ni kumpa mtu spika za masikio, asikie swali kwa lugha yake na abonyeze mwenyewe, karani akiwa ameketi mbali. Australia imeyaingiza maswali ya jinsia na mwelekeo wa kimapenzi kwenye sensa yake ya Agosti 2026, baada ya serikali kukataa kisha kugeuka 2024. Wao wana mtandao, faragha na sheria inayowalinda wanaojibu. Kwetu mambo hayo matatu bado.

Basi dodoso la Kenya la 2029 liweje? Swali la jinsi libaki la kwanza baada ya jina na uhusiano, na liulizwe kwa kila mtu kwa kutamkwa, lisikisiwe kutokana na jina. Namba 3 ibaki kwa anayetaka kuandikwa hivyo, kwa kuwa kuiondoa sasa ni kuwanyang'anya watu kitu walichokipigania mahakamani. Ongeza swali la pili linalojitegemea, kwa maneno ya kawaida: "Watoto wengine huzaliwa na maumbile ambayo si rahisi kusema ni ya kiume au ya kike. Je, fulani alizaliwa hivyo?" Majibu yawe ndiyo, hapana, sijui, na sipendi kujibu. Hapo msichana huntha anabaki msichana kwenye swali la kwanza na anahesabiwa kwenye la pili. Karani akibonyeza ndiyo, kishkwambi kimrudishie swali athibitishe kabla ya kuendelea, kwa sababu ya ile hesabu ya mmoja kwa 10,000. Programu iamuliwe mapema kuhusu maswali ya uzazi: yakifunguka kwa namba 2 tu, aliyeandikwa 3 hataulizwa kama amezaa, hata kama amezaa watoto watatu. Kuhusu gharama, sekunde kumi za ziada kwa kila mtu wa 2019 ni kama saa 132,000. Makarani walikuwa zaidi ya 130,000, kwa hiyo ni kama saa moja ya kazi kwa kila karani. Gharama hiyo inabebeka.

Uchapishaji nao upangwe kabla. Huntha 1,524 wakigawanywa kwa kaunti 47 ni wastani wa 32, na ukishuka hadi kata unabaki na mtu mmoja ambaye umri wake kila mwanakijiji anaujua. Mwaka 2019 KNBS, ofisi ya taifa ya takwimu ya Kenya, iliwaondoa huntha kwenye majedwali ya umri kwa kuwa ni wachache mno, uamuzi uliolinda siri yao lakini ukawaacha bila umri, elimu wala ajira katika vitabu vya sensa. Canada 2021 walipata njia ya kati: waliochapishwa kwa ukamilifu kitaifa, watu 100,815 waliobadili jinsia au wasiojitambulisha kuwa wanaume wala wanawake, kwenye majedwali ya maeneo madogo waligawiwa kwenye mafungu mawili makubwa yaliyowekewa alama ya kujumlisha. Kenya inaweza kutoa umri, elimu na kazi za huntha kwa ngazi ya taifa, idadi tu kwa kaunti, na chini ya hapo isitoe chochote.

Kazi ya kujaribu maneno haiwezi kusubiri sensa ya majaribio ya 2028, ambayo hupima zaidi vishkwambi, mtandao na usafiri. Ianze 2027 kwa mahojiano ya mtu mmoja mmoja huko Kwale, Turkana, Garissa, Kisii na Eastleigh. Mhojiwa asomewe swali kwa lugha anayoiota, kisha aombwe alirudie kwa maneno yake mwenyewe na aeleze kwa nini amejibu alivyojibu. Wasiojua Kiswahili vizuri ndio wafikiwe kwanza, kwa sababu Newham ilianguka hapo. Wakunga na wazazi wa watoto huntha wawepo, na makarani wastaafu wa 2019 waulizwe ni mara ngapi walilitamka swali la jinsi kwa sauti. Sentensi ambayo watu watano kati ya ishirini wamerudia tofauti na ilivyokusudiwa iandikwe upya na ipelekwe uwanjani tena, hata ikibidi mara nne.